Utaitwa Mama Nani

Mwalimu hakupenda methali. Hilo ndilo jambo la kwanza wazazi wapya walilojifunza, maana sisi tukiishiwa hoja tunakimbilia methali, na yeye alikuwa anakusubiri hapo hapo. Ukimwambia "Samaki mkunje angali mbichi," anakuuliza, "Umewahi kumkunja samaki wewe? Ukishamkunja unampeleka wapi?" Watu wanacheka. Mwenye methali yake ananyamaza mpaka chai iletwe.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina lake tulilijua, ila sikumsikia mtu akilitumia. Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Kiswahili kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, Blacktown, huku Australia. Siku nyingine alikuwa msaidizi wa darasa katika shule moja ya msingi kule Guildford, anafunga kamba za viatu na kufuta watoto pua. Zamani alifundisha kambini, mkoa wa Kigoma, na mimi nilisoma kwenye kambi kama hiyo baada ya kuvuka kutoka Kongo nikiwa mdogo. Ndiyo maana nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Nina mume, nina shifti zangu kwenye nyumba ya wazee, nimebeba mimba na kuzaa, lakini mama yule akinitazama juu ya miwani yake nilijikuta naficha kucha.

Na kucha ndizo alizokuwa akizitafuta! Kila Jumamosi, kabla ya wimbo, watoto walijipanga mistari miwili, wasichana kushoto, wavulana kulia, mikono mbele. Anapita na rula, anatazama kucha, masikio, kola. Watoto waliozaliwa Mount Druitt, ambao ukiwaambia kitu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walisimama pale wamekakamaa kama askari. Siku moja mtoto mmoja mjuaji alimwambia huku Australia hairuhusiwi, atamripoti. "Niripoti," akasema, "lakini ukate kwanza." Rula ile haikuwahi kumgusa mtu. Ilikuwa ya kuelekeza tu, ila watoto hawakuambiwa.

Msidhani alikuwa mkali mwanzo mwisho. Mtoto akilia, alitoka nje, hakuweza kuvumilia. Sisi ndio tuliombembeleza mtoto, kisha tukaenda kumwambia Mwalimu arudi. Alipenda raga kuliko mahubiri. Jumapili ya mechi kubwa alikuwa na kikohozi kilichoanza katikati ya ibada na kumpeleka moja kwa moja nyumbani. Mchungaji alikijua kikohozi hicho, sote tulikijua.

Sasa nywele. Nina mtoto, mzaliwa wangu wa kwanza, tuliyemwita Furaha, na kwa hiyo mimi ni Mama Furaha. Kanisani, kwenye grupu la simu, kwa majirani, kwa mume wangu mwenyewe, naitwa hivyo tangu nilipotoka leba. Jina langu la ubatizo wanalijua serikali na bosi wangu tu.

Furaha alikuwa darasa la tano. Jioni moja nikarudi kazini, nikakuta sinki la bafu limejaa rasta. Zile nilizomsuka Jumapili nzima mpaka vidole vikafa ganzi! Kazikata na mkasi wa jikoni, huku zimebaki ndefu, huku kipara. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba sasa anajisikia vizuri. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Si kwa ajili ya nywele. Gauni la Pasaka alikuwa amelikataa mpaka tukagombana mlangoni, na kila akiniona nimeshika sketi alikuwa akinyong'onyea, akawa mdogo ghafla. Mama anajua kitu hata kabla hajakikubali.

Jumamosi nikampeleka darasani na kofia. Mwalimu akamvua. Yesu, nilifumba macho.

"Simameni wima!" akapaza sauti. "Mtazameni Furaha!"

Nikasema leo tunaaibika mbele ya watu. Kumbe nimesahau huyu ni mwalimu wa wapi. Kule tulikosomea sisi, msichana wa shule ya msingi ananyolewa. Ukija na misuko unarudishwa nyumbani. Mwalimu alikuwa amelalamika miaka kuhusu shanga na rasta za watoto wetu. "Mmekuja shule au harusini?" Leo kapata wa kwake. Akamleta mbele, akamzungusha taratibu kila mtu amwone.

"Hatimaye nimepata mwanafunzi!" akasema. "Wengine wote, wikiendi ijayo, mfanane na huyu."

Akina mama wenye watoto wa shanga wakanitolea macho. Mwanangu alisimama pale mbele, akajipapasa kichwa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Nilikuwa sijaona meno yake wiki kadhaa. Sikujua nicheke au nilie. Mwalimu hakuelewa lolote siku ile, na nadhani kama angeelewa asingefanya vile, na mwanangu angeikosa Jumamosi yake nzuri kuliko zote.

Haukupita muda shifti yangu ikafutwa, nikaenda mwenyewe kumchukua mtoto shuleni, kitu ambacho huwa sipati nafasi. Nipo getini, mtoto mwenzake akaita, "Tobi! Mama yako kaja!" Na wangu akageuka. Mwalimu wa darasa naye akampungia mkono: kwaheri Tobi. Nikauliza, "Tobi ni nani?" Mwalimu wa darasa akawa mwekundu shingo nzima.

Kwenye gari ndipo nikaambiwa. Kwamba ni tangu muhula uliopita. Kwamba aliwaomba mwenyewe wamwite hivyo, na wamchukulie kama mvulana, na walimu walikubali, na darasa zima linajua. Darasa zima! Watoto wa watu, na mama wa zamu ya kuvusha barabara, wote wanajua, ila mimi niliyemzaa, mimi ninayemnunulia viatu, ndiye sijui. Niliumia, sifichi. Nilitamani kurudi pale getini nikapige kelele. Na mtoto amekaa kiti cha nyuma ananitazama kwenye kioo, anasubiri kuona nitakuwa mama gani.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Anaendesha foklifti ghalani, akirudi anataka ugali na ukimya. Nilipomwambia, aliweka kijiko chini polepole.

"Hii shule inaharibu mutoto yangu," akasema. "Disemba anaenda Kigoma kwa dada. Dada atamunyoosha."

Msiichukue kama hasira za mezani. Sisi sote tunamjua mtoto aliyepelekwa "likizo" akabaki huko. Anapelekwa analia, miaka inapita, anarudi mtu mzima ambaye hakusalimii. Na kwa jambo hilo mume wangu alimhitaji Mwalimu. Dada yake angempa mtoto chakula, lakini shule ya bweni huipati bila mtu wa kukuunganisha, na Mwalimu ndiye alikuwa na watu Kigoma. Walimu wakuu wa kule wengine ni wanafunzi wake. Simu moja tu kutoka kwake, na mwanangu angekuwa na kitanda cha chuma upande wa pili wa dunia.

Na mimi? Sikutaka aende. Lakini sikumtaka huyo Tobi pia. Nilitaka Furaha wangu arudi, na hakuwa ameenda popote. Alikuwa mezani anatenganisha maharage na wali kama kawaida yake.

Shule ikatuita kikao. Tukamwomba Mwalimu atusindikize, kwa sababu Kiingereza chetu kikikasirika kinakimbia. Akaja amevaa kitenge cha Krismasi. Kwenye gari mume wangu akamweleza habari za Kigoma, akamwomba apige simu. "Nitapiga," akasema, na hakuongeza neno.

Mwalimu mkuu wa shule alikuwa mama mpole, ana sauti ile wanayozungumzia na wagonjwa. Alitukaribisha biskuti. Akaanza kueleza: ustawi wa mtoto, kumsikiliza mtoto, taratibu. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. Nilijua miwani ikivuliwa kuna mtu anaumia.

"Mtoto huyu akiumwa tumbo, mnampigia mama yake," akasema. "Akipoteza kofia mnapiga. Akigombania mpira mnapiga. Amebadilisha jina, amebadilisha kila kitu, simu ya shule ikaisha chaji?"

Mwalimu mkuu akasema mtoto aliwaomba wasiseme nyumbani.

"Ana miaka kumi! Wangu wa Guildford wananiomba kila siku nisiwaambie mama zao kwamba hawajala mkate."

"Aliogopa," yule mama akasema.

"Aliogopa nini? Hawa hawapigi mtoto. Nawajua."

Yule mama alisitasita. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Aliogopa kwamba mkijua mtamrudisha Afrika."

Jamani. Mume wangu aliangalia mikono yake juu ya meza, mikono mikubwa ile, utadhani ni ya mtu mwingine. Ndani ya gari, nusu saa tu iliyopita, si tulikuwa tunapanga hilo hilo? Mwalimu alikuwa kando yangu. Akavaa miwani tena, akakosea, akaivaa upya.

"Kwa hiyo mlijua anaogopa," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "mkamwacha aogope peke yake. Mlipaswa kutuita."

"Tungewaita, mngefanya nini?"

Yule mama hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli. Na sisi watatu, watu wazima, tukatazama biskuti. Tulikubaliana tukutane tena na mtaalamu wa shule, tukapeana mikono, tukatoka.

Kwenye maegesho Mwalimu alimkasirikia kila kiumbe, hata ndege waliokuwa wakipekua pipa la taka. Mume wangu alikuwa ametangulia garini, kafunga mlango.

"Shule imekosea," Mwalimu akaniambia. "Nitasema hivyo popote. Na hilo jina sitalitamka, nakuambia mapema. Mtoto wa miaka kumi leo ni Tobi, kesho ni rubani."

"Sawa, Mwalimu."

"Usiniambie sawa. Nakuuliza kitu. Baba anasema mtoto ni Furaha. Shule inasema ni Tobi. Kila mtu ana msimamo wake. Wewe je? Utaitwa mama nani?"

"Mwalimu, swali gani hilo?"

"Ni swali. Ukipata jibu, unitafute."

Nililia mpaka nyumbani Mount Druitt. Maana ndilo nililokuwa nikiliogopa, na sikuwa nimemwambia mtu. Watoto wa Kizungu wakibadilisha jina, mama zao wanabaki na yao. Kwetu sisi mtoto akiondoka na jina lake, anaondoka na la kwako.

Habari zikasambaa, kama zinavyosambaa. Kukaitishwa mkutano wa wazazi pale ukumbini, Mwalimu akiwa mwenyekiti. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema shule ifundishe kusoma na hesabu, hayo mengine iyaache kwetu na kwa Mungu. Akapigiwa makofi. Akasimama mama mmoja Mkenya, muuguzi. "Wasee, tusidanganyane," akasema. "Mimi hospitali nawaona hao watoto. Wanakuja usiku, wamejiumiza, na nyumbani walikuwa hawana wa kumwambia. Kama shule ndiyo pekee anaweza ongea, wacha aongee." Naye hakupigiwa makofi, lakini akina mama kadhaa waliinamisha vichwa. Mwalimu akasema anavyoona yeye: mtoto ni wa mzazi, na shule isiweke siri na mtoto. Ndipo mzee yule akamgeukia.

"Na wewe huko Guildford, Mwalimu, ukiambiwa mwite hivi, unafanyaje?"

"Namwita hivyo."

Ukumbi ukanguruma. Mnafiki, mtu akasema nyuma.

"Nikiwa kazini nafanya ya kazini," akasema. "Mtoto akiniitikia, nampa penseli. Nimpe penseli kwanza, au nimshinde kwanza?" Watu wakamzomea. Yeye akagawa maandazi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na sikuwahi kufaulu kumpanga. Hapa anasema hili, pale anafanya lile, na pote pawili anajiamini kabisa. Jumamosi iliyofuata mkutano ule, watoto wakajipanga mistari yao miwili. Mwanangu alikuwa amesimama katikati, miguu haijui iende wapi, na wenzake wameanza kumcheka. Mwalimu akagonga rula mezani.

"Leo kwa kimo. Mstari mmoja. Mfupi mbele, mrefu nyuma."

"Kwa nini, Mwalimu?" wazazi wakauliza.

"Warefu wananizibia." Ikabaki kwa kimo. Wazazi walinung'unika kwamba amelegea, hatua za kijeshi zimekwenda wapi. Mwanangu alikuwa wa nne kutoka nyuma, na alijua mahali pake bila kuambiwa. Lakini wakati wa kuita majina Mwalimu aliendelea kuita "Furaha!" kwa sauti ile ile kubwa, na mwanangu akaitika huku anatazama sakafu.

Uongo aliuchukia kuliko uchafu. Mtoto akidanganya alisimama ukutani akiitazama rangi mpaka wimbo uishe. Mume wangu kila Jumamosi alimwendea baada ya darasa: Mwalimu, umepiga Kigoma? Na yeye, bila kupepesa: nimepiga, mtandao mbaya. Wiki nyingine: simu haipatikani. Wiki nyingine: amebadilisha laini, natafuta namba mpya. Jakaranda zikachanua, zikamwaga maua barabarani, joto likaingia, mtandao wa Kigoma bado mbaya.

Disemba, Jumapili moja, nikampelekea sombe, kisamvu cha kwetu, nyumbani kwake Guildford. Tunapakua, simu yake ikaita juu ya meza, akaigusa kwa kidole kilichopakaa mafuta na spika ikawaka. Sauti ya mwanamume ikajaa jikoni. "Mwalimu wangu, shikamoo! Mbona Jumapili iliyopita tuliongea kidogo tu?" Akaanza kueleza paa jipya la bweni lake huko Kigoma, mwaka huu ana nafasi, maji yanatoka safi.

Mwalimu akanitazama. Nikamtazama. Sombe linapoa.

"Mtandao umerudi leo," akaniambia, akachukua simu akatoka nayo uani.

Sikumwambia mume wangu, na sijuti hata kidogo. Likizo zikaisha, shule zikafunguliwa, naye hakulitaja tena. Ila nywele za mtoto zilipoota ovyo, Jumamosi moja akamwambia aingie garini, akampeleka kwa kinyozi wake mwenyewe, wakarudi wamenyolewa mtindo mmoja. Hakueleza. Tangu siku hiyo akawa anamwita "shefu", yaani bosi. Mimi nilimwita "mwanangu", "mpenzi", "wewe", chochote kile cha kupita pembeni. Tukaishi hivyo miaka, nyumba nzima tunaruka jina kama watu wanaoruka dimbwi mlangoni. Huko shuleni, vikao viliendelea, na mtaalamu wao tukamzoea. Safari hii walikuwa wanatupigia simu hata kwa kofia.

Magoti ya Mwalimu yakamshinda, akaacha darasa, akawa haonekani. Juzi juzi nikakutana naye stesheni ya Blacktown, kwenye foleni ya lifti, na fimbo, na mfuko wa ndizi. Nilikuwa na mwanangu, ambaye sasa ananipita kimo.

"Mama Furaha!" aliita, foleni nzima ikageuka.

"Shikamoo, Mwalimu," mwanangu akasema. Kwa Kiswahili! Na kabla hajaambiwa akanyoosha mikono mbele, viganja chini, pale stesheni, watu wanatupita na kahawa zao. Mwalimu aliishika mikono ile, akaikagua kidole kwa kidole.

"Chafu," akasema. Kucha hazikuwa chafu. "Hujambo, Furaha?"

"Sijambo, Mwalimu."

Alijibu vizuri, kwa heshima. Lakini nilimwona. Kile kitu cha mabegani, kule kunyong'onyea kwa siku zote, kwamba hata huyu, hata leo. Miaka yote nilikuwa nakiona na kugeuza uso kutafuta funguo kwenye mkoba. Lifti ikafunguka. Watu wakaingia, sisi tukabaki.

"Mwalimu," nikasema, "uliniuliza swali, kule kwenye maegesho ya shule."

"Nakumbuka. Nilidhani umeukimbia mtihani."

"Mimi ni Mama Tobi."

Sikuwahi kulitamka, hata jikoni nikiwa peke yangu. Lilitoka na mkwaruzo. Mwanangu hakumtazama Mwalimu; alinitazama mimi, mdomo wazi, kisha akageuka upande akajifanya anasoma ratiba ya treni, anafuta uso kwa mkono wa sweta.

Mwalimu akahamisha mfuko wa ndizi mkono huu, mkono ule.

"Mimi sikubaliani na jambo hili," akasema. "Unajua."

"Najua, Mwalimu."

"Nitakuombea."

"Niombee."

Lifti ikarudi. Akaingia na fimbo yake, akageuka kututazama, akazuia mlango kwa goti lile lile bovu.

"Haya, kwaheri, Mama Tobi," akasema. "Na umkate huyo mtoto kucha."